Kivuli Kimezidi

Nyumbani, tarehe 4 Mei

Mwanangu wa pekee,

Nakusalimu, na ukimaliza kuzipokea salamu hizo nakusalimu tena. Sisi huku ni wazima, usianze kuwaza. Shangazi yako anakusalimu, goti lake linalia kama mlango wa stoo lakini mdomo ni mzima, haujaugua hata siku moja. Mama Mapacha wa ng'ambo ya mfereji anakusalimu, na mapacha wenyewe wanakusalimu, mmoja kaota meno na mwingine bado, hata kwa hilo wanagombana. Karani wa mizani pale kituo cha kahawa aliniuliza habari zako mbele za watu, nikamwambia yuko mjini kiwandani, anachambua kahawa inayokwenda nchi za nje, akarudi kwenye mizani yake. Mbuzi mweupe kazaa. Jogoo yupo na kiburi chake kilekile. Na mume wako naye yupo. Anakula.

Mwanangu, nakushukuru kwa kuniletea mtu wa kunisaidia baada ya kule kuanguka kwangu mferejini. Nia yako ilikuwa nzuri. Lakini mkono mbovu nilikuwa nao mmoja, sasa nina mkono mbovu na mtu mbovu. Najua kibanda chake cha kunyolea walikibomoa na siyo kosa lake. Nakubali. Lakini je, mtu akibomolewa kibanda na akili nazo zinabomolewa?

Nilimpa makasi ya kupogolea, nikamwambia ondoa machipukizi ya pembeni, mbuni upumue. Mwenzako akakaa kwenye mbuni mmoja tangu chai ya asubuhi mpaka nikaita watu kula. Anachutama, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anakata kidogo, anapuliza. Anapuliza, mwanangu! Kama pale kuna shingo ya mtu. Shangazi yako akamwuliza, "Na spiriti utampaka?" Akacheka. Huyo ndiye mume wako, ukimtukana anacheka. Sasa shamba zima linajua jina lake ni Kinyozi na mimi sitalibadilisha.

Lakini hayo madogo. Kubwa ni miti ya kivuli. Unajua baba yako aliipanda mwenyewe katikati ya mibuni, na unajua alivyokuwa akituhubiria, kwamba mbuni ni wa kuishi chini ya miti mingine, jua lazima lichujwe kwanza ndipo liufikie. Silikatai hilo, na Mungu amrehemu. Ila mwaka huu kivuli kimezidi. Miti imefunga juu, shamba limekuwa kama chumba kilichopigiliwa misumari madirishani. Mchana kweupe naingia kwa kupapasa. Hata siku ile niliyoanguka ni kivuli hicho, mfereji niliochimba kwa mikono yangu sikuuona. Nikamwambia Kinyozi panda juu, kata matawi, mwanga uingie. Akapanda. Akashuka na vijiti ambavyo havitoshi kuchemsha maji ya chai. Nikamwambia rudi. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Mama, mbona mwanga upo?"

Upo wapi? Labda kichwani kwake.

Mwandikie wewe. Mimi nikisema ananijibu "sawa Mama", na hakuna sawa inayoonekana. Na usishangae mwandiko wangu kupanda na kushuka, karatasi za siku hizi mistari yake wameipaka maji. Je, unakula? Unalala na soksi? Chumba chako kilikuwa na unyevu ukutani, vuta kitanda kikae mbali. Mpe dereva wa lori majibu, akirudi wiki ijayo niyapate. Usichelewe, nikikosa barua yako moyo unanienda mbio.

Mimi mama yako


Mjini, tarehe 12 Mei

Mume wangu,

Nimepata barua ya mama. Nimeisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya magunia, na nikaikunja haraka wenzangu wasione, maana nilishawaambia mume wangu amekwenda kusimamia shamba. Kusimamia! Kumbe umekwenda kupuliza mibuni shingoni.

Nisikilize. Kazi niliyokupa haikuwa ngumu. Mama akisema chuma, unachuma. Akisema beba, unabeba. Akisema kata matawi, unapanda unakata. Mwanamke yule amelima kahawa tangu hujazaliwa, halafu wewe uliyeijua kahawa kwenye kikombe unamwuliza mwanga uko wapi. Unaogopa mti, sema unaogopa mti, tukodi mwanaume.

Sikukupeleka kule upumzike. Mimi hapa natoka alfajiri, nakaa kwenye meza ya kuchambulia na kitambaa puani, mbegu zinapita mbele yangu kama mto na mimi natoa mbovu mpaka usingizini naona mbegu. Msimamizi anapita nyuma yetu na fimbo yake ndogo, anagonga meza ukiacha hata moja. Jioni nasubiri zamu ya bomba na ndoo, na yule mama wa chumba cha mwisho hajawahi kuijua zamu yake. Vumbi la kiwandani lilikuwa linanichafua roho kila asubuhi, ila sasa limepungua. Sijakuandikia ulie. Nimekuandikia upande juu.

Ukinijibu usinijibu kwa mzaha wako.

Mkeo


Nyumbani, tarehe 19 Mei

Mke wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimeketi, ya pili nimesimama, mara zote mbili imeuma sawasawa.

Ni kweli napuliza. Miaka yote nimepuliza nywele shingoni mwa watu, mdomo umezoea, nikikata unapuliza wenyewe. Matusi ya mama hayanisumbui. Kwenye kiti changu watu walikuja kunyolewa na kunisema, na wengine walinisema bila kunyolewa.

Matawi nimekata. Nitakata tena, kidogo kidogo. Lakini miti yote siwezi. Nimezunguka shamba hili asubuhi, mchana na jioni, hiki kivuli ni kilekile tulichokikuta mwaka tulipokuja kumzika baba. Kuna jambo nalitazama na sijawa na hakika nalo. Nikiwa na hakika utakuwa wa kwanza kulijua.

Nikuulize neno moja: mama alipokuja mjini mara ya mwisho, alimtambua msimamizi wako kwa sura au kwa sauti? Usimwulize yeye, tafadhali. Jikumbushe tu.

Wasalimie majirani, isipokuwa yule wa zamu ya bomba.

Mumeo


Nyumbani, tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Salamu zako zote nimezigawa. Shangazi yako kapata zake, Mama Mapacha kapata zake, hata mbuzi nimemwambia. Kinyozi nimempa za kumtosha.

Mwanangu, leo nimeaibika. Tangu naolewa hapa sijawahi kurudishiwa kapu. Wanawake wa njia hii nzima wamerudishiwa, mimi sijawahi, watu walikuwa wanasema buni zangu unaweza kuzivaa shingoni. Leo karani wa mizani akachota kiganja, akakifungua mbele ya foleni yote. Akasema, "Mama, hii mbona ina mbichi?" Nikamwambia angalia vizuri. Akamwaga kwenye mkeka. Watu wakainama kutazama kama wanatazama maiti. Mama Mapacha akaguna. Mbichi, na nusu mbichi, zimechanganyika na nyekundu kama hakuna mwenye macho nyumbani kwangu!

Kinyozi alikuwa nyuma yangu. Akasogea mbele akasema, "Ni kapu langu hilo. Nilichanganya mimi." Amesema kwa sauti, mwanangu, wala hakuona haya. Mtu mwingine angekosa pa kuuweka uso wake, yeye uso wake aliubeba tu mpaka nyumbani. Njia nzima nilikuwa nampa vipande vyake. Nilimwambia hata jogoo anajua kutofautisha punje na changarawe. Nilimwambia kama watu aliwanyoa hivyo, basi wapo mjini wanatembea na sikio moja. Akasema, "Sawa Mama." Akajitwika kapu, akakaa uani akazichambua upya moja moja, mpaka shangazi yako akamwonea huruma na kumpelekea maji. Mimi sikumwonea.

Basi nimeamua. Siyo yeye tu, ni giza lile. Hata mtu mwenye akili atachuma mbichi mle ndani. Nimeongea na mpasua mbao mwenye msumeno wa mashine, amekubali kuangusha miti yote ya kivuli na mbao achukue yeye. Atakuja mwezi wa saba tukimaliza kuchuma safu za juu. Mwanga utaingia mpaka wauone waliokufa.

Na wewe mwanangu fikiria. Bado una sura, una kazi, una meno yako. Sikukuzaa uje kumlisha mtu wa mikasi. Sisemi umfukuze. Nasema tu kwamba nikimwamsha kesho nikamwelekeza kituo cha mabasi, njia ataijua. Nijibu upesi kabla sijafanya bila wewe.

Mama yako


Mjini, tarehe 14 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Mpe shangazi shikamoo yake pia, na pole kwa goti.

Mama, niliposoma habari ya kapu niliona haya mimi badala ya yule asiyeona. Hapa mezani tunazijua mbegu zilizochumwa mbichi, ganda linazing'ang'ania, hata zikikobolewa zinabaki na utando wa fedha. Kila nikiitoa moja nilikuwa najiambia, hii kaichuma mume wangu. Nimeshamwandikia na nitamwandikia tena. Miti fanya unavyoona. Shamba ni lako.

Lakini kabla hujamfukuza, Mama, subiri kidogo. Nimekuwekea picha ndani ya barua hii. Nilikwenda kwa mpiga picha wa karibu na kiwanda, nimevaa lile gauni la kijani ulilonishonea, limekataa kufunga vifungo lakini nimelivaa hivyohivyo. Sitaki kusema neno. Sijamwambia mtu yeyote, hata huyo Kinyozi wako, kwa sababu zile mbili za nyuma tuliwahi kusema na kilichotokea unakijua. Safari hii nilisema nikae kimya mpaka kitu chenyewe kiseme.

Iangalie vizuri, Mama. Nasubiri neno lako kuliko ninavyosubiri mshahara.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 22 Juni

Mwanangu,

Barua nimeipata. Mwandiko wako umezidi kuwa mdogo, unabana wino kama unauzwa kwa kijiko. Nimehangaika nayo mlangoni, jua likaniwakia, nikaisoma nusu nusu nikaiacha. Nimeelewa kwamba umekasirika kwa ajili ya kapu, na kwamba miti nifanye ninavyoona. Hilo limenitosha.

Picha nimeiona. Umependeza. Gauni la kijani limekukaa, ila mwanangu umekonda! Umekwisha, umebaki kama mpini wa jembe. Nimemwambia shangazi yako, mtoto ameisha, anafanya kazi ya watu wawili huku mume amelala kwangu. Unakula kweli? Au unakula ukisimama? Ukuta ulio nyuma yako ni mzuri, umepakwa rangi vizuri.

Na sasa niseme la moyoni kwa sababu wewe ni mwanangu. Mama Mapacha kila siku ananing'inizia wale watoto wake juu ya ua, kushoto mmoja na kulia mmoja. Na mimi nina nini cha kuning'iniza? Kinyozi. Miaka yote hiyo mpo naye na nyumba iko kimya kama benki siku ya sikukuu. Mtu hajui kuchuma, hajui kupanda mti, hata hilo nalo hajui? Mwache mwanangu. Atapata kichwa kingine cha kunyoa.

Mpasua mbao anakuja Jumatatu, tarehe 14 mwezi wa saba. Andika haraka, nijue kama umeanza kula.

Mama yako


Mjini, tarehe 28 Juni

Mume wangu,

Kama umekwenda kule kumgeuza mama yangu moyo, hongera, umeweza.

Nilimtumia picha. Nakwambia sasa kwa sababu haina maana tena kuficha. Nilimtumia picha nikiwa na tumbo la miezi sita, Kinyozi, tumbo ambalo hata msimamizi mwenye roho ya chuma ameliona akanitafutia kiti chenye mgongo. Nilisema mama awe wa kwanza. Na unajua amenijibu nini? Kwamba nimekonda. Kwamba ukuta ulio nyuma yangu ni mzuri! Halafu akanisimanga kwamba nyumba yangu ni kimya.

Nimekaa na barua ile siku mbili. Mtu anaweza kumchukia mkwe mpaka akamruka mjukuu kwa macho? Umemfanya nini mama yangu? Ameona tumbo, akaona ni lako, akaamua kutazama ukuta. Siku zote nilikuwa nasema mama mdomo wake mkali lakini moyo wake mkate. Sasa sijui nisemeje.

Nilitaka ulijue jambo hili kwa namna nyingine, siyo hivi. Ulivyo na bahati mbaya, hata habari njema inakufikia imetukanwa.

Mkeo


Nyumbani, tarehe 3 Julai

Mke wangu, mama wa mtoto wangu,

Nimeandika hayo maneno mawili ya mwisho nikasimama, nikazunguka nyumba, nikarudi.

Nilikuwa nalijua. Siyo kwa barua yako. Siku lori lilipoleta picha, mama aliniita akasema, "Kinyozi, kazi yako leo ni ndogo hata wewe utaiweza. Tafuta msumari uitundike hii." Nikaipokea. Nikaona. Nilikaa chini juu ya mawe ya jiko, na jiko lilikuwa la moto. Naye amesimama palepale, kidole chake kiko juu ya picha, juu kabisa ya tumbo, ananiambia, "Unaona mtoto wa watu alivyokonda kwa sababu yako?"

Mama haoni, mke wangu.

Sasa nina hakika. Jicho la kushoto lina utando mweupe, kama tone la maziwa limemwagikia ndani, na la kulia linafuata. Kapu lililorudishwa lilikuwa lake. Langu lilipita. Akiingia chini ya miti anaminya kila buni kwa vidole ndipo anachuma, na vidole wakati mwingine vinadanganyika. Chini ya kivuli nyekundu na kijani kwake zimekuwa rangi moja. Anajua kwamba giza lipo, ila ameamua ni la miti. Wiki iliyopita alilikuta shati langu limeanikwa kwenye kamba, akalisimanga kwa uvivu kuanzia kola mpaka pindo. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo ya maji. Nikasubiri amalize, nikazunguka mbali, nikaitika kutokea upande wa kamba.

Ndiyo maana sikupanda. Ile miti haina kosa. Ukiiangusha, mibuni iliyozoea kuchujiwa jua tangu siku ya kupandwa itaungua majani, na bado ataingia kwa kupapasa. Nimemwambia kwa upole, mara nyingi. Ananiambia naogopa. Nikimwambia mimi kwamba haoni, atasema Kinyozi sasa amekuwa na daktari tumboni. Kwangu hatalichukua. Kwako labda.

Mpasua mbao anakuja tarehe 14, na lori linafika siku hiyohiyo. Huyo mtu anatazama ile miti kama fisi anavyotazama mguu wa mtu, atakuja mapema. Andika. Usiandike kidogo kidogo unavyoandika. Na kwa jina la huyo aliye tumboni, usikasirike naye. Hakukuruka. Angekuona, angeshakuja mjini kwa miguu.

Mumeo


Mjini, tarehe 8 Julai

MAMA.

HII NIMEANDIKA KWA BRASHI YA KUANDIKIA MAGUNIA.

KWENYE PICHA SIJAKONDA.

NINA MIMBA. MIEZI SITA. ILIKUWA IMEJAA PICHA NZIMA.

HUKUIONA, MAMA.

KIVULI HAKIJAZIDI. NI MACHO YAKO. YANATIBIKA.

ACHA MITI YA BABA. NENDA HOSPITALI YA MACHO.

KINYOZI AKUSHIKE MKONO. MRUHUSU.

MWANAO.


Nyumbani, tarehe 20 Julai

Mwanangu na huyo uliye naye ndani,

Nawasalimu wote wawili, yeye kwanza. Shangazi yako anawasalimu, amelia akacheka akalia tena, goti amelisahau mpaka jioni. Mama Mapacha anakusalimu, nimemwambia na sasa ana heshima, wale watoto wake amewashusha juu ya ua. Mapacha wanakusalimu, yule wa pili naye kaota meno. Karani wa mizani anakusalimu. Mbuzi, mtoto wake, na jogoo wanakusalimu. Anayeandika barua hii ni Kinyozi, kwa sababu nimekatazwa kuchosha macho. Nimemwambia aandike kila ninalosema na asipunguze, na nitamwuliza shangazi yako kama amepunguza. Ana mwandiko mbaya. Andika, ana mwandiko mbaya. Ameandika.

Mwanangu, mpasua mbao alikuja kabla ya lori. Alikuja na umande. Kinyozi akaenda akasimama mbele ya mti ulio karibu na mfereji, akasema huu hapana, akaufunga kwa mikono kama anamkumbatia mkwewe. Nilimwambia, "Toka hapo, mtu mzima unakumbatia kuni!" Hakutoka mpaka nilipomwendea mimi mwenyewe na kumvuta shati, na safari hii alikuwa ndani yake, habari ya lile la kwenye kamba ameshanieleza. Basi mti ukaanguka. Ulilia kwanza, halafu ukalala juu ya mibuni, na vumbi lilipotulia nikaingia pale katikati, nikasimama, nikangoja kuona.

Jua nililihisi. Lilinipiga utosini na mabegani. Mpasua mbao akasema, "Mama, umeona sasa mwanga?" Watu wote wakasema hee, mwanga, mwanga kweli. Nami nikatazama mibuni ya baba yako, na mwanangu, giza lilikuwa lilelile. Nikanyoosha mkono nikachuma buni moja. Sikujua rangi yake.

Mpasua mbao akawasha mashine, akaniuliza niendelee na huu wa pili? Nikamwambia zima hilo dudu lako. Akasema nimekuja kwa miti yote. Nikamwambia umekuja kama ulivyokuja, na uondoke hivyohivyo, na ule mti mmoja uliouua bure ubebe mgongoni. Alinitukana njiani, nami nilimtukana, mimi nilikuwa na mengi zaidi. Nilikuwa bado nimekaa juu ya kisiki lori lilipopiga honi. Shangazi yako akaleta bahasha yako nene. Nikafungua. Herufi kubwa kama za gunia! Niliisoma mwenyewe. Kuanzia MAMA mpaka MWANAO. Hakuna mtu aliyenisaidia, uliza mtu yeyote.

Mpiga picha wako lakini naye ni mjinga. Mtu mwenye mimba anasimamishwa akitazama mbele? Andika hivyohivyo, Kinyozi, ni mjinga.

Sasa sikia vituko. Safu zile zilizokuwa chini ya ule mti zimebaki uchi, jua linazichoma, majani yakaanza kugeuka njano. Juzi nasikia watu wanacheka huko shambani mpaka wanashika mbavu. Kinyozi ametoa kwenye sanduku lake vile vitambaa vyeupe vya kuwafunga watu shingoni, vyote, amesimika vijiti na kuvitanda juu ya mibuni. Shangazi yako anasema shamba limekuwa kama kibanda cha kunyolea, mibuni imekaa na vitambaa inasubiri zamu yake. Mama Mapacha kaja kuuliza bei ya ndevu. Nimekwenda nikapapasa, kila mbuni umefunikwa, mafundo yamekazwa vizuri. Pembeni kapanda miche ya kuchukua nafasi ya ule mti. Miche kaipanda mistari imepinda, shangazi kaniambia. Ila vitambaa nimekubali. Nilicheka kidogo, usimwambie. Basi anaandika hapa, ameshasikia, hata kichwa amekiinua.

Hospitali ya macho tumekwenda. Alinishika mkono njia nzima kama mwizi aliyekamatwa. Daktari mwenyewe kavaa miwani mizito. Nikamwambia, mbona ya kwako hujayatoa huo utando? Akacheka, wanaume wote siku hizi wanacheka wakiambiwa ukweli. Amesema ni mtoto wa jicho, wanautoa, wanaanza na la kushoto Alhamisi hii, halafu la kulia baadaye. Nimeogopa, mwanangu. Kinyozi, hilo ulifute. Amesema hafuti, nimeagiza mwenyewe asipunguze. Basi liache. Nimeogopa kidogo. Ameahidi kukaa nje ya mlango. Nimemwambia akikaa asipulize.

Ile habari ya kituo cha mabasi iweke kwanza. Siyo kwamba nimempenda. Anachuma taratibu, anakula sana, anacheka hovyo, na mti akishautazama hautazami kama mtu anayetaka kuukata. Lakini mtoto akizaliwa lazima anyolewe nywele za kwanza, na mimi sitaki mtu wa njiani mwenye wembe amguse. Kwa hiyo abaki. Mjukuu akishanyolewa tutazungumza upya.

Wewe acha kukaa karibu na vumbi. Kile kiti chenye mgongo usikiache mtu mwingine akikalie. Mwambie msimamizi wako kwamba mama yako amemshukuru, na kwamba fimbo yake aiweke mbali na mjukuu wangu. Kula ukiwa umekaa.

Bandeji watanifungua Ijumaa, na lori lijalo linafika Jumamosi. Barua yako niikute. Andika kwa mwandiko wako uleule mdogo, wa kalamu, brashi warudishie magunia yao, na juu ya bahasha andika kwamba asiifungue mtu, hasa huyu. Na uweke picha nyingine. Simama kiubavu, gauni lilelile la kijani, vifungo viache wazi. Fanya haraka, mwanangu. Ile ya kwanza sikuiona.

Mimi mama yako,
kwa mkono wa Kinyozi
(alitaka aandike "mkwe wangu", nimemkatalia)